Mashine ya Kukatia Nyasi Inapokataa Kuwaka Baada ya Majira ya Baridi

Kila mwaka theluji inapoyeyuka na nyasi kuanza kuchipua, mashine nyingi za petroli hutolewa katika gereji na vibanda, zikavutwa kamba mara kumi, hata mara ishirini, zisiwake. Huku nyasi zinarefuka, na miji mingi ya Marekani hutoza faini zikipita kimo kilichowekwa. Kwa haraka hiyo, baadhi ya walaji huitupa mashine nzima na kununua mpya. Wengine hulipia matengenezo wasiyoyahitaji.

Somo hili tumewaandikia wakazi wa majimbo ya kaskazini, kama vile Ohio, Iowa na Maine, wakiwamo waliohamia kutoka nchi zisizo na theluji. Jambo kuu ni hili: mara nyingi injini iliyolala majira yote ya baridi haijafa. Kilichoharibika ni petroli iliyoachwa ndani yake. Kwa hiyo uchunguzi uanze na petroli, ndipo uendelee kwenye mambo yenye gharama kubwa zaidi.

Kwa nini petroli huharibika

Petroli huanza kuchakaa baada ya siku 30 hivi. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, hupotea hewani, na inayobaki huacha utando wa gundi katika matundu membamba ya kabureta. Zaidi ya hayo, petroli nyingi inayouzwa Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu wa hewa. Petroli yenye ethanoli ya asilimia 15, inayoandikwa E15 kwenye pampu, hairuhusiwi kutiwa katika injini ndogo za aina hii.

Kabla ya kugusa mashine

Itoe mashine nje. Usiwashe injini ndani ya gereji, hata kama mlango uko wazi, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua. Kisha chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono wakati waya umeunganishwa, injini huweza kuwaka ghafla na kukata vidole. Usivute sigara, wala usifanye kazi hii karibu na moto.

Hatua za uchunguzi

1. Petroli. Fungua tangi na unuse. Petroli iliyochakaa huwa na harufu kali ya uchachu, na mara nyingi rangi yake imekoza. Iondoe kwa pampu ndogo ya mkono. Usiivute kwa mdomo kamwe. Itie katika chombo kilichotengenezwa kwa petroli, uipeleke kwenye kituo cha kupokea taka hatarishi za nyumbani. Usiimwage katika mtaro wala ardhini. Kisha tia petroli mpya.

2. Oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Ikiwa oili imepanda kupita alama na ina harufu ya petroli, basi petroli imevuja na kuingia ndani ya injini. Badilisha oili kabla ya kuwasha.

3. Chujio la hewa. Panya hupenda kujenga viota mahali hapa wakati wa baridi. Ondoa uchafu wote, na ubadilishe chujio la karatasi lililoziba au kulowa oili.

4. Plagi. Ifungue uitazame. Ikiwa imeungua au ina masizi mengi, weka mpya ya aina iliyotajwa katika kitabu cha mashine. Plagi iliyobaki kavu baada ya kuvuta kamba mara kadhaa yaonyesha kwamba petroli haifiki kwenye injini. Plagi iliyolowa yaonyesha kwamba petroli imezidi; iache ikauke kwa dakika 15 hivi.

5. Vidhibiti. Hakikisha kwamba bomba la petroli limefunguliwa na kwamba mpini wa usalama unabanwa unapovuta kamba. Tangu 1982, sheria ya usalama ya Marekani inataka kisu cha mashine ya kusukuma kwa mkono kisimame ndani ya sekunde 3 mpini huo unapoachiwa. Usiufunge kwa kamba ili kujirahisishia kazi.

Ukimaliza, rudisha waya wa plagi na ujaribu kuwasha.

Mashine ikiwaka kisha ikazima

Legeza kidogo kifuniko cha tangi. Injini ikiendelea vizuri, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na kifuniko kipya ni bei ndogo. Isipoendelea, yaelekea kabureta ina gundi, nayo inahitaji kusafishwa au kubadilishwa. Moshi wa buluu au mweupe wa dakika chache, hasa ikiwa mashine ilikuwa imelazwa ubavu, kwa kawaida ni oili iliyoingia mahali pasipo pake, nao huisha wenyewe.

Unapokwenda kwa fundi

Kwanza, omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Pili, mweleze fundi ulichokwisha kukagua, na umwombe akurudishie vipuri vya zamani atakavyoviondoa. Tatu, ukiambiwa kwamba injini imekufa, omba uonyeshwe ubovu wenyewe, kisha linganisha gharama na bei ya mashine mpya.

Ikiwa mashine bado ina dhamana, isome kabla ya kulipa. Dhamana nyingi hazigharimii uharibifu uliosababishwa na petroli iliyochakaa. Hata hivyo, sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 kuhusu dhamana inakulinda: kwa kawaida mtengenezaji hawezi kufuta dhamana yako kwa sababu tu ulitumia fundi mwingine au kipuri cha chapa nyingine. Tunza risiti zote, pamoja na tarehe za kubadilisha oili. Aidha, angalia katika tovuti ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani kama mashine ya aina yako imeitwa irudishwe kwa sababu ya hitilafu; mara nyingi matengenezo ya namna hiyo hufanywa bila malipo.

Kabla ya baridi ijayo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya kukata nyasi mara ya mwisho, fanya mojawapo ya mambo mawili. Ama tia dawa ya kuhifadhi petroli katika petroli mpya na uendeshe injini dakika chache nje, ili mchanganyiko ufike kwenye kabureta. Ama ondoa petroli yote na uiache injini iende hadi izime yenyewe. Badilisha oili, safisha sehemu ya chini ya mashine waya wa plagi ukiwa umechomolewa, na uihifadhi mahali pakavu, mbali na hita na jiko. Kazi hiyo ndogo huweza kukuepusha na gharama ya kabureta mpya majira ya kuchipua yatakaporudi.