Mkimbizi Aombaye Amani

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: Katika darsa letu lililopita kijana mmoja wa hapa Kitale alituuliza kama ni kweli Mayahudi walikaribia kupewa nchi ya upande huu. Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakadhani ni porojo la barazani. Si porojo. Lakini ili jambo hilo lipimwe kwa haki, yatupasa kwanza tutazame mkimbizi mmoja wa Kiyahudi na mfalme aliyekaa chini yake.

Musa bin Maimun alizaliwa Kurtuba, katika Andalusi. Mwaka 1148 mji huo ulitwaliwa na Muwahhidun, Waislamu kama sisi, wakawalazimisha Mayahudi na Wakristo kusilimu au kuhama. Twalisema hili waziwazi, kwani wako wasomao tarehe ya Uislamu kwa jicho moja. Jamaa zake Musa walihama, wakakaa Fas, kisha mwaka 1165 wakapanda jahazi kwenda Akka, na mwisho wakatua Fustat, Misri. Salahuddin Al-Ayyubi alipoishika nchi hiyo, mwaka 1171, Musa hakufukuzwa. Bali alikuwa mkubwa wa Mayahudi wa Misri, na tabibu wa Al-Qadhi Al-Fadhil, waziri wa Salahuddin.

Al-Qifti, mwandishi wa habari za wenye hikima, amepokea kisa ambacho kila mwanafunzi wa fiqhi apaswa kukijua. Faqihi mmoja kutoka Andalusi alikuja Misri, akamtambua Musa, akamshitaki ya kuwa huko kwao alikuwa amesilimu na sasa ameritadi. Mjuao vitabu mwajua daawa kama hiyo humfikisha mtu wapi. Al-Qadhi Al-Fadhil akaikata kwa hukumu moja: aliyelazimishwa, kusilimu kwake hakusihi kisheria. Wako wanazuoni wenye shaka kama Musa alipata kusilimu hata kwa ulimi tu, hilo halitushughulishi. Sisi Mashafii twaijua hukumu hiyo ya dhimmi aliyelazimishwa, nayo ndiyo iliyomwokoa mgeni yule, wala si kupendwa kwake na waziri peke yake.

Sasa turudi huku kwetu. Mwezi wa Aprili 1903, huko Kishinev katika dola ya Urusi, Mayahudi wapatao 49 waliuawa na nyumba zao zikaporwa. Mwaka huohuo serikali ya Kiingereza, kwa shauri la waziri wake wa makoloni, Joseph Chamberlain, ilimwahidi Theodor Herzl nchi ya kuwaweka watu wake. Wazungu waliuita mpango wa Uganda; lakini ardhi iliyokaguliwa ni uwanda wa Uasin Gishu, huu tuupitao tuendapo Eldoret. Mkutano wao wa Basel, Agosti 1903, ulipiga kura 295 dhidi ya 178 kupeleka wakaguzi. Watu watatu wakafika mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukaikataa ahadi. Walowezi wa Nairobi nao walikuwa wamepiga kelele kuwa wageni wasiletwe. Wao wenyewe ni wageni wa juzi!

Waliofukuzwa Kishinev walikuwa na haki ya kupata amani. Kasoro ilikuwa kwa mtoaji. Aliuita uwanda ule mtupu, ilhali Wamaasai wameuachia jina lao na Wanandi walikuwa na malisho yao. Wala hakuna aliyewauliza. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa risasi za Waingereza, na mwaka 1908 Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe wakagawiwa uwanda. Salahuddin alipompa Musa amani, hakumwondoa mkulima wa Misri shambani mwake. Ahadi ya 1903 ingemfanya mkimbizi awe sababu ya mwingine kukimbia.

Nasi tusijitoe katika hesabu. Mwanzoni mwa 2008 watu waliofukuzwa makwao walikimbilia mji huu, wengine na watoto mgongoni. Wako miongoni mwetu, sisi tuliotoka pwani, waliofungua milango; na wako waliouliza kabila kabla ya kuuliza kama mtu amekula. Mwenye kuandika haya alimuuliza mama mmoja swali hilo, na hajasahau alivyotazamwa.

Darsa lijalo, inshaallah, tutasoma mlango wa amani katika fiqhi ya Kishafii. Mwenye kitabu na aje nacho.