Dondoo Muhimu: Chagua Ugumu Unaokukuza

Mwaka 2004, Mkenya Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa sare, akaketi na watoto wadogo ili ajue kusoma. Nawe anza hivi:

• Chagua jambo moja unalolikwepa. Ukianza matatu kwa mpigo, utayaacha yote.

• Panda ngazi kwa ngazi. Unaogopa kuzungumza mbele ya watu? Uliza swali moja kikaoni wiki hii. Hotuba itafuata.

• Kaa na wanaokuzidi ujuzi, hata kama umewazidi umri. Waombe wakukosoe waziwazi.

• Weka siku na saa. Ukingoja hamu ije, hutaanza.

• Tofautisha ugumu na madhara. Woga na aibu hupungua kadiri unavyorudia. Maumivu makali ya mwili au kudhalilishwa si mazoezi. Acha, tafuta msaada.

• Andika ulichojifunza kila wiki, kisha ongeza ugumu kidogo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chagua pa kuinama leo.