Jaribu Nanga Kabla ya Kuiamini



Fikiri umetia nanga usiku. Umechoka, umelala chomboni. Upepo unaanza kuvuma kwa nguvu. Nanga inakokota, nawe hujui. Unapoamka, mashua imekwisha panda mwamba. Mbao zimepasuka. Nyavu zimepotea. Mali ya miaka mingi imekwenda kwa usiku mmoja. Pengine na mtu amekufa.

Sasa fikiri jambo jingine. Mfanyabiashara anakuja kijijini na nanga mpya. Ni nyepesi, hata mtoto anaweza kuibeba. Anasema inashika kuliko nanga yako nzito. Mzee mmoja anacheka. Anasema, "Hicho ni kitu cha kuchezea. Nanga ni uzito."

Nani asema kweli? Usimwamini mfanyabiashara upesi. Usimfuate mzee upesi. Ijaribu nanga mwenyewe. Somo hili litakuonyesha njia.

NANGA HUSHIKAJE?

Jiwe hushika kwa uzito wake. Lakini kitu kikizama majini hupungua uzito. Jiwe la kilo 25 likizama huwa kama kilo 15 tu. Ndiyo maana jiwe hukokota upesi.

Nanga yenye makombe hushika kwa njia nyingine. Huchimba. Likumbuke jembe lako. Jembe haliingii ardhini kwa uzito peke yake. Huingia kwa sababu lina makali, na kwa sababu umelilaza vizuri. Nanga nzuri ni kama jembe. Kadiri inavyovutwa, ndivyo inavyozidi kuzama mchangani.

Mtu mmoja aliyelijua jambo hili ni Geoffrey Ingram Taylor, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Naye alikuwa na mashua yake ya tanga. Mwaka 1933 aliunda nanga yenye umbo la plau, lile jembe linalokokotwa na ng'ombe. Nanga hiyo ilikusudiwa pia kwa ndege zinazotua majini, kwa maana ndege haiwezi kubeba chuma kizito. Taylor hakukisia tu. Alipima nguvu ya nanga kushika. Nanga ya namna hiyo inatumika mpaka leo.

Basi nanga nyepesi yaweza kushika vizuri. Lakini haishiki kila mahali. Kwenye mwamba haiwezi kuchimba. Kwenye majani mengi ya bahari inaweza kuteleza juu ya majani. Hapo mzee ana haki ya kuwa na shaka.

KAMBA NI NUSU YA NANGA

Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu, na nanga hung'oka. Kamba ndefu huivuta nanga kwa ulalo, na nanga huchimba. Kipande cha mnyororo karibu na nanga husaidia kuilaza kamba chini.

Tupige hesabu. Maji yakiwa yamekupwa, kina ni mita 4. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu huweza kupanda mita 3 au zaidi. Kutoka juu ya maji hadi omo ya mashua ni mita 1.

4 + 3 + 1 = 8

Kwa hali ya kawaida, toa kamba mara 5 ya kina hicho:

8 x 5 = mita 40

Upepo ukiwa mkali, toa mara 7:

8 x 7 = mita 56

Ukiijaribu nanga kwa kamba fupi utaionea. Nanga ni njema, kosa ni la kamba.

JARIBIO LA KWANZA: PWANI

Ngoja maji yakupwe. Nenda kwenye mchanga uliolowa. Chukua nanga yako ya zamani na nanga mpya, kamba moja, na watu 4.

1. Laza nanga mpya mchangani. Nyosheni kamba yote, muishike chini karibu na mchanga.
2. Mtu 1 avute polepole. Kisha wavute watu 2, kisha 3, kisha 4.
3. Tazama. Je, makombe yanazama, au nanga inateleza tu?
4. Sasa ishikeni kamba karibu na nanga, muivute kwenda juu. Utaona jinsi inavyong'oka kwa urahisi.
5. Fanya hivyo hivyo kwa nanga ya zamani, kwa watu wale wale na kamba ile ile.

Rudia mara 3 kwa kila nanga. Mara moja haitoshi. Nanga yaweza kushika kwa bahati.

Angalia: mtu asisimame kwenye mstari wa kamba iliyokazwa. Kamba ikikatika hurudi kama mjeledi.

JARIBIO LA PILI: BAHARINI

Chagua siku ya utulivu. Nendeni mchana, na mashua ya pili iwe karibu. Msifanye jaribio hili mahali penye mwamba upande wa chini ya upepo.

1. Pima kina kwa kamba yenye jiwe. Paka jiwe sabuni chini. Likipanda utaona kama chini ni mchanga au matope.
2. Shusha nanga polepole. Usiitupe pamoja na kamba yote, maana kamba itaizonga.
3. Iache mashua irudi nyuma huku ukitoa kamba. Kisha ifunge kamba omo.
4. Tafuta alama mbili nchi kavu, upande wa ubavu wa mashua, moja mbele ya nyingine. Kwa mfano, mnazi ulio mbele ya paa la nyumba. Alama zikikaa pamoja, mashua haiendi. Zikiachana na kuendelea kuachana, nanga inakokota.
5. Mwenye mashine airudishe mashua nyuma, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zaidi. Asiye na mashine angoje upepo.
6. Gusa kamba kwa mkono. Nanga inayokokota huitetemesha kamba.

Jambo kubwa zaidi ni maji kugeuka. Maji yakianza kujaa au kupwa, mashua huzunguka na kuivuta nanga upande mwingine. Nanga iliyoshika asubuhi yaweza kung'oka mchana. Kwa hiyo kaeni hapo mpaka maji yageuke, mtazame tena zile alama.

Ijaribu nanga kwenye mchanga, kwenye matope na kwenye majani. Usiijaribu kwenye matumbawe. Nanga huyavunja, na matumbawe ni nyumba ya samaki. Tena huko nanga hukwama, ukaipoteza.

ANDIKA ULICHOKIONA

Hapa kisomo chako kina kazi. Kichwa husahau, daftari halisahau. Andika hivi:

Tarehe:
Mahali:
Chini pana nini:
Kina:
Urefu wa kamba:
Je, nanga ilishika?
Je, ilishika maji yalipogeuka?

Andika hata mara iliyokokota. Hiyo ndiyo itakayokuokoa kesho. Mwenzako akikuuliza habari za nanga hiyo, hutamwambia, "Nasikia ni nzuri." Utamfungulia daftari.

MWISHO

Nanga mpya ikishika vizuri kwenye mchanga na ikakokota kwenye majani, umejifunza mahali pa kuitumia. Lakini usiitupe nanga ya zamani. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Chukua zote mbili chomboni. Usingoje kusi likuonyeshe ubovu wa nanga yako usiku. Jionyeshe mwenyewe mchana.

MASWALI

1. Kwa nini jiwe hukokota upesi?
2. Kina wakati wa maji kupwa ni mita 3. Maji hupanda mita 3. Omo iko mita 1 juu ya maji. Utatoa kamba mita ngapi kwa hali ya kawaida? Na upepo ukiwa mkali?
3. Alama mbili za nchi kavu zina kazi gani?
4. Kwa nini tungoje mpaka maji yageuke?
5. Katika darasa lenu, zungumzeni: mahali mnapotia nanga kila siku, chini pana nini? Nanga zenu zinapafaa?