Neno "Ala" na Matumizi Yake

Neno "ala" ni fupi, lakini maana zake ni zaidi ya moja. Maana ya kwanza ni kifuko kigumu cha kutilia upanga, sime, kisu au jambia. Neno jingine la maana hiyo hiyo ni "uo". Katika kamusi za zamani wingi wa ala ni "nyala": ala ya upanga, nyala za panga. Siku hizi wengi husema "ala" kwa umoja na kwa wingi pia.

Ala za namna nyingi zaonekana katika nchi ya Kenya. Ala ya sime ya Wamasai hutengenezwa kwa vibao viwili vya mti vilivyovikwa ngozi, na mara nyingi ngozi hiyo hutiwa rangi nyekundu. Ala ya jambia la Kiarabu, lijulikanalo sana pwani, imepinda kama jambia lenyewe, na zile za fahari hupambwa kwa fedha.

Kuutoa upanga katika ala huitwa kuuchomoa, au kuufuta. Hapa yafaa uangalifu, kwa maana "kufuta" ni kupangusa pia. Shahidi akisema barazani, "Mtu huyu alifuta kisu," wasikilizaji hawajui kama alikipangusa baada ya kukata nyama, au alikichomoa ili ampige mwenziwe. Tofauti hiyo yaweza kumtia mtu hatiani asiye na kosa. Lakini akisema, "Alikifuta kisu alani," shaka imekwisha.

Maana ya pili yatoka katika Kiarabu, nayo ni chombo cha kufanyia kazi. Kwa hiyo ngoma, zeze na zumari huitwa ala za muziki. Tena liko neno "Ala!", ambalo ni sauti ya mtu aliyeshangaa au kuudhika. Msomaji atazitambua maana hizi kwa maneno yanayofuatana nazo.

Kazi ya ala ni kumlinda achukuaye silaha asijikate, na kuyalinda makali yasiharibike. Upanga upanguswe maji kabla ya kurudishwa alani, usije ukashika kutu. Na mtu aingiapo mji wa watu na upanga wake u alani, wenyeji hukaa kwa amani. Akiwa ameufuta, hata salamu yake hutiliwa shaka.