HABARI ZA BIASHARA NI CHOMBO CHA KAZI
(Somo kwa wanafunzi wote, si kwa wa Commerciale peke yao)



Mu muji wetu wa Lubumbashi, wengi kati yetu tunasoma kwa feza inayotoka ku meza ya soko. Mushahara wa baba ukichelewa, meza ya mama njo inalipa masomo, bukari na dawa. Kwa hiyo, ginsi mama anavyopata habari za bei, za mupaka na za kodi si jambo dogo. Leo tutajifunza mambo matatu: namna habari mbaya inavyokula feza, chambre de commerce ni kitu gani, na fasi gani mutu mudogo anaweza kuuliza habari ya kweli.

1. MUPAKA WA KASUMBALESA, MWAKA 2024

Kasumbalesa iko karibu kilomita 90 toka Lubumbashi. Vitu vingi tunavyokula na kutumia vinapita pale, na kamio za shaba zinatokea njia hiyo hiyo.

Mu mwaka 2024 serikali yetu ilikataza kuingiza bia na vinywaji vya sukari toka Zambia. Mwezi wa Agosti, Zambia ikafunga mipaka mitatu: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Wakubwa wa pande mbili wakazungumza, na tarehe 13 Agosti mipaka ilikuwa imefunguliwa tena. Ilikuwa jambo la siku chache tu.

Lakini mwaka huo huo kulikuwa habari ingine. Tarehe 29 Februari 2024, raisi wa Zambia alitangaza kwamba ukame ni musiba wa taifa. Mahindi yalikauka mu mashamba. Jambo hilo halikuwa la siku chache. Mahindi yakikauka, watu wanapashwa kungoja mpaka mavuno ya mwaka unaofuata.

Angalieni vizuri: hizi ni habari mbili, na kila moja iko na urefu wake. Ya kwanza ni fupi, ya pili ni ndefu. Lakini ku soko zinafika kama sauti moja: “Mupaka beko bafunga, bunga itakosa!” Mwenye kusikia vile hajui kama atangoje siku tatu ao miezi kumi.

Tufanye hesabu (huu ni mufano wa darasa tu). Mufuko wa unga wa kilo 25 unauzishwa 30.000 FC. Mupaka unafungwa, bei inapanda mpaka 40.000 FC. Mama wa kwanza anaogopa, anakopa feza, ananunua mifuko 10. Nyuma ya siku tatu mupaka unafunguliwa na bei inashuka ku 32.000 FC. Anapoteza 8.000 FC kwa kila mufuko, maana yake 80.000 FC, na deni bado iko. Mama wa pili alisikia kwamba wakubwa wako mu mazungumzo. Ananunua mifuko 2 tu ya kushikilia wateja wake. Anapoteza 16.000 FC. Kati ya hawa wawili kuna tofauti ya 64.000 FC. Hakuna mutu aliyemwiba mama wa kwanza. Alikosa habari, basi.

Kwa habari ya ukame ni kinyume. Pale, mwenye kungoja bei ishuke haraka njo anaumia, na mwenye kuweka akiba mapema anapona.

2. CHAMBRE DE COMMERCE NI KITU GANI?

Ni chama cha wafanyabiashara wa muji ao wa jimbo. Ya kwanza ilianzishwa mu muji wa Marseille, kule Ufaransa, mwaka 1599. Wafanyabiashara wa Marseille walikuwa wanashindana kila siku juu ya bei. Lakini meli zao zilipita bahari moja, na ushuru na hatari vilikuwa vya wote. Waliona kwamba kuna mambo ambayo mutu peke yake hawezi.

Kwetu, kazi hiyo inafanywa na Fédération des Entreprises du Congo, ile tunaita FEC. Wakati wa Zaire ilikuwa inaitwa ANEZA, iliyoundwa mwaka 1972. Jina la FEC lilikuja mwaka 1997. Ni chambre de commerce na tena ni chama cha wenye makampuni, na iko na ofisi hapa Lubumbashi. Kuna pia COPEMECO, ambayo ni ya makampuni madogo na ya kati.

Kazi za chama kama hicho ni hizi:
— kukusanya habari na kuzigawia wanachama;
— kueleza sheria mupya na kodi mupya;
— kusema na serikali kwa sauti moja;
— kukutanisha mwenye kuuzisha na mwenye kununua.

Lakini tusikosee. Chama hakiamurishi serikali, hakikati kodi, na mwanachama analipa mchango. Hapa njo kuna shida: mwenye kamio ishirini anapata habari asubuhi, mama wa meza moja anaipata jioni, kisha imepita mu vinywa vya watu makumi. Soko ni moja, lakini wawili hawa hawanunui kwa mwangaza mumoja.

3. FASI YA KUULIZA

Kuna mambo ambayo hata mudogo anaweza kutumia, kama anajua kwamba yako.

a) Guichet Unique de Création d'Entreprise. Pale mutu anaandikisha biashara yake fasi moja, pasipo kuzunguka ofisi kwa ofisi.

b) Sheria ya sous-traitance ya tarehe 8 Februari 2017. Inasema kwamba kazi zinazotolewa na makampuni makubwa kwa makampuni mengine ziwe za makampuni yenye mtaji wa Wakongomani. Kushona nguo za kazi, kupika chakula, kusafirisha watu, kutengeneza vyuma: hizi zote zinaweza kuingia. Lakini fundi asiyeandikishwa hawezi kusimama mbele ya kampuni na kuomba kazi hiyo, hata kama mukono wake ni muzuri. Ofisi ya kusimamia sheria hii inaitwa ARSP.

c) Kanuni rahisi za COMESA kwa biashara ndogo ya mupaka. Mwenye muzigo mudogo anajaza karatasi fupi, kama vitu vyake viko mu liste ambayo inchi mbili zimekubaliana na bei yao haipiti kipimo. Liste na kipimo vinaweza kubadilika. Inapashwa kuuliza mbele ya kusafiri, si wakati duane inashika muzigo.

4. HABARI ZA MBALI ZINAFIKA JIKONI

Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Bei iliposhuka sana, serikali ilisimamisha kuuzisha kobalti inje toka tarehe 22 Februari 2025, kwa miezi mine. Mwezi wa Juni ikaongeza miezi mitatu. Toka tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Ni jambo la makampuni makubwa, mutasema. Lakini kamio ikisimama, dereva hapati kazi, mama anayemuuzishia chakula ku barabara hapati muteja, na mutoto wa huyo mama anafukuzwa ku masomo. Mwenye kusoma “miezi mine” anajua kwamba dereva hatarudi kesho, na anatafuta muteja mwingine mapema.

5. KAZI YETU SISI WANAFUNZI

Sheria na matangazo ya serikali yanaandikwa kwa Kifaransa. Soko linaongea Kiswahili. Kati ya hivi viwili kuna sisi, tunaosoma Kifaransa kila siku na kurudi nyumbani jioni. Mama hana wakati wa kufunga meza na kwenda ku ofisi. Lakini mutoto wake anaweza kusoma tangazo polepole na kumweleza. Mbele ya kumweleza, ajiulize:

— Nani amesema? Ni ofisi yenye jina, ao ni “wanasema”?
— Imesemwa tarehe gani?
— Inaanza lini, na inaisha lini?
— Nani atapata faida kama sisi tunaamini haraka?

Usiongeze neno lako. Kama tangazo halisemi bei itapanda, wewe pia usiseme.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya habari fupi na habari ndefu. Toa mufano mumoja wa kila namna.
2. Mu mufano wa unga, mama wa tatu alinunua mifuko 6 kwa 40.000 FC akauzisha yote 32.000 FC. Alipoteza ngapi?
3. Juu ya nini wafanyabiashara wanaoshindana wanakubali kuunda chama kimoja?
4. Kila Ijumaa, darasa moja litaandika ku ubao wa matangazo bei ya vitu vitano (unga, mafuta, sukari, makala, chumvi) ku soko la karibu, pamoja na tarehe na jina la soko. Darasa la sita litaanza. Nyuma ya miezi mitatu tutaona wenyewe nini ilipanda, lini, na juu ya nini.

Kila mutu apelekee nyumbani.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la sita Commerciale