Amsterdam kwa Jicho la Kamera: Vidokezo 10 vya Kunasa Picha Kali Kandokando ya Mifereji

Wengi wetu Amsterdam tunaijua kwa jina moja tu: Schiphol. Unashuka kwenye ndege ya Kilimanjaro au Nairobi, unakunywa kahawa ya bei ya kutisha, unapanda ndege nyingine, basi. Kumbe treni ya kwenda katikati ya mji ni kama robo saa tu! Ukiwa na viza ya Schengen na saa tano sita mkononi, au umekuja kumtembelea shangazi anayeishi huko na una wikendi nzima, mji huu utakujazia simu. Kasheshe ni moja: mifereji iko kila upande, madaraja kila kona, na mwenye haraka hajui aanzie wapi. Mwisho wa siku ana picha arobaini za mgongo wa mtalii mwenzake. Si wewe lakini. Vaa viatu vya kutembea, twende.

1. Soma namba ya nyumba kwanza, kamera baadaye

Naanza na hii kwa sababu itakuokolea muda kuliko zote. Mifereji mitatu mikubwa, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na imeuzunguka mji wa kale kwa umbo la nusu duara. Namba za nyumba zinaanzia kaskazini, kwenye mfereji wa Brouwersgracht. Witiri (1, 3, 5) ziko upande wa katikati ya mji; shufwa (2, 4, 6) ziko upande wa nje. Hesabu za darasa la tatu, sivyo? Sasa ona faida yake. Kuanzia Brouwersgracht mpaka karibu na Leidsegracht, mifereji inakwenda kaskazini hadi kusini. Asubuhi, nyumba za shufwa zinapigwa na jua usoni, kwa hiyo wewe simama ng'ambo, kwenye witiri, na upige. Alasiri geuza: simama kwenye shufwa, piga witiri. Ukishapita Leidsegracht mifereji inakata kuelekea mashariki, na hapo witiri ndizo zinazotazama kusini na kula jua karibu siku nzima, huku shufwa zikibaki kivulini muda mwingi. Hata makazi rasmi ya meya, Herengracht namba 502, yako upande huo wa kivuli. Cheo hakinunui jua.

2. Wahi kabla ya boti

Ile picha ya nyumba iliyojirudia kichwa chini ndani ya maji, kama kioo, haihitaji kamera ya mamilioni. Inahitaji maji yaliyotulia, na maji hutulia kabla boti za watalii hazijaanza mizunguko ya asubuhi. Mwezi Juni jua huchomoza kama saa 11 na dakika 20 alfajiri, pole yako. Desemba ni raha: linachomoza karibu saa 3 asubuhi, kwa hiyo unalala, unakunywa chai yako taratibu, na bado unalikuta. Pa kwenda ni Brouwersgracht, hasa pale unapokutana na Prinsengracht. Madaraja yamekaribiana, na kandokando yamejipanga maghala ya zamani yenye milango mikubwa ya mbao kila ghorofa. Ukikosa picha hapo, kasafishe lenzi.

3. Chuchumaa, uone madaraja saba

Kwenye mfereji wa Reguliersgracht kuna madaraja saba yaliyojipanga mstari mmoja, tao ndani ya tao. Simama kwenye daraja la Herengracht, uwanja wa Thorbeckeplein ukiwa nyuma yako, na hutaona cha ajabu: barabara, baiskeli, barabara tena. Siri ni kushuka. Chuchumaa, pitisha simu katikati ya vyuma vya daraja, igeuze lenzi ikae chini karibu na maji, na matao yataanza kujipanga yenyewe. Kamba ya simu izungushe kwenye kiganja kabla ya yote! Kila mwaka maelfu ya baiskeli huopolewa kutoka mifereji ya mji huu, na hakuna atakayeshughulika na Samsung yako. Giza likiingia matao huwashwa taa ndogo ndogo, na picha inakuwa nyingine kabisa. Ukiwa na hela ya boti, ni bora zaidi, kwani kutoka kwenye maji mstari unanyooka vizuri.

4. Simama mbele ya kanisa la Monet

Magere Brug, lile daraja jeupe la mbao juu ya mto Amstel, kila mtu analo kwenye simu. Lipige usiku likiwa limewashwa taa, kisha usogee. Dakika chache kwa miguu kuna kidaraja kingine cheupe, Staalmeestersbrug, juu ya mfereji mwembamba wa Groenburgwal. Tazama kaskazini: maji yanaingia katikati ya safu mbili za nyumba, na mwisho wake umesimama mnara wa kanisa la Zuiderkerk, lililomalizika kujengwa mwaka 1611. Claude Monet aliuchora mfereji huuhuu na mnara wake miaka ya 1870. Uzuri wa hapa kwa mtu wa haraka ni kwamba jua liko nyuma yako sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo huna haja ya kuvizia saa. Piga wima, si mlalo. Mnara unadai urefu.

5. Simu haijapinda, nyumba ndiyo imepinda

Usihangaike kuinyoosha picha mpaka uchoke. Mji huu umesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa kwenye matope. Kasri la Kifalme pale uwanja wa Dam peke yake lina nguzo 13,659. (Watoto wa shule hukumbuka hivi: siku za mwaka, 365, weka 1 mbele na 9 nyuma.) Nguzo zikichoka, nyumba inamwegemea jirani. Nyingine zimeinamishwa mbele kwa makusudi. Angalia juu kabisa, chini ya paa: utaona boriti imetokeza, ina ndoano. Ngazi za ndani ni nyembamba mno kupitisha kabati, kwa hiyo mizigo huvutwa kwa kamba kupitia dirishani, na ukuta ulioinama husaidia mzigo usikwaruze. Ukikuta watu wanahama nyumba, sahau ratiba yako yote na upige: sofa inayoning'inia ghorofa ya tatu ni zawadi. Kwa siku za kawaida, nenda Damrak alasiri, pale boti za watalii zinapofunga, na utazame ng'ambo ya maji. Nyumba zimejipanga bega kwa bega, hakuna iliyonyooka, na jua la magharibi linazipiga moja kwa moja. Gridi ya simu ilinganishe na mstari wa maji, nyumba ziache zicheze.

6. Usiidharau baridi

Watu hukimbilia kiangazi, halafu wanarudi na picha za majani. Kandokando ya mifereji kumepandwa miti ya elm kwa maelfu, na ikishavaa majani inaficha vichwa vya nyumba, vile vyenye umbo la ngazi, kengele na shingo, ambavyo ndivyo vilivyokuleta. Kuanzia Novemba miti iko uchi na nyumba zinaonekana kuanzia maji mpaka paa. Juu ya hayo, jua linatua karibu saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo ule mwanga wa buluu wa machweo unaupata mapema, unakwenda zako kula. (Juni ungengoja mpaka saa 4. Saa 4 ya usiku, hujasoma vibaya.) Betri haipendi baridi, iweke mfuko wa ndani wa koti. Ukija mwishoni mwa Aprili au Mei utakuta mbegu za elm zinaanguka kwa wingi na kutanda barabarani kama theluji ya karatasi, nayo ni picha.

7. Vaa kitenge

Matofali ya Amsterdam ni ya kahawia na jivu, milango yake ni kijani cha giza, na wenyeji wanapenda makoti meusi. Unajua maana yake? Kilemba cha njano au kitenge chekundu kitang'aa hapo kuliko taa ya daraja. Tena uko nyumbani kwa kitambaa chenyewe: Vlisco, wachapaji wa vitenge vya wax, wako Helmond, kusini mwa nchi hiyohiyo, tangu mwaka 1846. Muweke mwenzako katikati ya daraja, wewe simama daraja linalofuata, uvute kwa lenzi. Doa moja la rangi, mji mzima nyuma. Koti la kubadilishia mshikie wewe.

8. Panda pantoni, hawadai nauli

Nyuma ya stesheni kuu, Centraal, kuna vivuko vinavyovuka maji ya IJ. Ukizoea pantoni ya Kigamboni mkono utakwenda mfukoni wenyewe. Urudishe, hapa ni bure. Chukua kinachokwenda NDSM, kama robo saa hivi. Zamani palikuwa karakana ya kuunda meli, leo ni makontena, kreni na kuta zilizojaa michoro, ikiwemo sura kubwa ya Anne Frank aliyoichora Mbrazili Eduardo Kobra mwaka 2016. Ni Amsterdam ambayo haina hata kichembe cha mvuto wa kadi ya posta, na mimi naipenda zaidi kwa hilo. Wakati wa kurudi simama mbele kabisa ya kivuko. Ukitaka mji kutoka juu bila kulipa, panda paa la jumba la sayansi la NEMO, lile la kijani lenye umbo la meli. Mteremko wake ni ngazi zilizo wazi kwa watu wote.

9. Adabu ni sehemu ya picha

Machache, haraka haraka. Njia nyekundu barabarani si zulia lako, ni ya baiskeli, na kengele ikilia umeshachelewa. Wanawake wa biashara ya ngono walioko madirishani mtaa wa De Wallen hawapigwi picha, kabisa, hata kwa kujificha. Begijnhof, ua tulivu wenye moja ya nyumba za mbao za kale zaidi mjini, ni makazi ya watu: nong'ona, usichungulie madirisha. Ndani ya Nyumba ya Anne Frank kamera inabaki mfukoni. Na droni iache nyumbani, Schiphol ipo jirani mno.

10. Muulize mzee Jacob Olie

Hiki ni cha kufanya ukiwa kitandani usiku wa kuamkia safari. Jacob Olie, aliyefariki mwaka 1905, alizunguka mji huu na kamera ya vioo akipiga mifereji, magati na mitaa ya kawaida. Mchoraji George Hendrik Breitner naye alipiga picha za mitaa hiyohiyo ili zimsaidie kuchora. Hifadhi ya nyaraka ya jiji, Stadsarchief, imeziweka kazi kama hizo kwenye intaneti, unatafuta kwa jina la mtaa. Chagua moja yenye daraja na mnara, ihifadhi kwenye simu, kesho uende kutafuta mahali alipokanyaga mpigapicha. Kuipata pembe ni rahisi kuliko unavyodhani: tafuta vitu viwili kwenye picha ya zamani, kimoja cha karibu, kingine cha mbali, mathalani nguzo ya daraja na ncha ya mnara, kisha sogea kushoto au kulia mpaka vikae kama vilivyokaa kwake. Umbali usuluhishe kwa kurudi nyuma hatua mojamoja, ukiangalia baiskeli. Kwa mara ya kwanza chagua mnara wa Westerkerk, maana unaonekana kutoka mbali na haujahama tangu mwaka 1638.