Dondoo muhimu: Kutuliza nafsi na mifugo baada ya kimbunga

Kimbunga Kenneth, kilichotua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, kiliuweka mkoa wa Mtwara, Tanzania, katika tahadhari, na tufani za namna hiyo huwaachia mifugo mfadhaiko, yaani hali ya mwili kuendelea kujihami hata hatari ikishapita, ambapo mbuzi hukataa malisho na kuku huacha kutaga. Mfugaji wa Lisekese, mkoani Mtwara, hutulia kwanza yeye, akishusha pumzi polepole, ndipo awaendee mifugo wake bila kelele na kuwalisha saa zilezile walizozoea. Mbuzi asitengwe na wenzake. Mbwa aliyeshtuka asikumbatiwe. Akiuma mtu, jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha majeruhi huwahishwa kituo cha afya kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.